Barua kwa Mbunge Asiye Wetu

Mwalimu aliyepokea darasa langu aliniomba nimwachie maandalio ya somo. Nimemwachia yote: mafaili manne, na sanduku la karatasi za plastiki za projekta ya zamani ambayo shule iliitupa miaka mitatu iliyopita. Haya ninayoandika hapa hayamo katika mafaili hayo. Ni yake yeye, na ya nyinyi wengine mnaokuja kufundisha Serikali ya Marekani katika shule za Dubai mkitokea Kitui, Arusha au Jinja, huku hamjawahi kukanyaga Marekani. Msiogope. Mimi nimelifundisha somo hilo miaka minane, nimestaafu, na Marekani kwenyewe sijaiona mpaka leo.

Nilifika Agosti mwaka wa 2001, nimeajiriwa kama mwalimu wa historia. Nilikuwa nimeshafundisha Machakos zaidi ya miaka ishirini, watoto wangu wamekua, mume wangu amezikwa. Al Barsha, mtaa wa shule yetu, wakati ule haikuwa na lile duka kubwa mnalolijua. Ilikuwa mchanga, nyumba chache za kuta ndefu, na shule yetu ambayo bado ilikuwa inanuka rangi. Siku ya kwanza niliingia na viatu vya ngozi nilivyonunua Nairobi kwa ajili ya heshima. Kufikia saa sita gundi ya soli ilikuwa imeyeyuka, nikamalizia vipindi viwili nikiburura mguu wa kulia. Njooni na viatu vya kushonwa.

Somo la serikali halikuwa langu. Lilikuwa la kijana mmoja Mmarekani, ambaye baada ya mashambulizi ya Septemba wazazi wake walimwita nyumbani, akaondoka ndani ya siku mbili. Mkuu wa shule, madam mmoja Mlebanoni asiyependa maneno mengi, akaingia katika chumba cha walimu akauliza nani anaijua katiba ya Marekani. Nikanyoosha mkono, kwa sababu kwetu Kenya mtoto wa kidato cha nne husoma serikali ya Uingereza, ya Marekani na ya India, na mimi nilikuwa nimelifundisha Bunge la Marekani kwa watoto wa Machakos miaka nenda miaka rudi, kutoka katika kitabu kilicholitengea kurasa chache. Madam akasema, "Khalas, basi. Ni lako." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonipa jina. Hakuna mtu mwingine aliyenyoosha mkono.

Darasa lile la kwanza lilikuwa na wanafunzi ishirini na sita. Wawili tu walikuwa na pasipoti ya Marekani, na mmoja kati yao hakuwahi kuishi huko. Nilichora mihimili mitatu ubaoni, Bunge, Rais na Mahakama, nikaweka mishale ya kuonyesha jinsi kila mmoja anavyomzuia mwenzake. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu kwa nini wanasoma haya ilhali hakuna anayepiga kura huko. Nikamjibu kwamba yatatoka kwenye mtihani. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu baya.

Aliyenirekebisha ni mzee mmoja wa kufundisha uchumi, Mista Whitlow, Mmarekani wa mji mdogo wa Ohio, aliyekuwa na kifaa cha kusikilizia katika sikio la kushoto. Alikuja kukaa nyuma ya darasa wiki ile bila kuitwa. Kipindi kilipoisha alinipa kijitabu cha katiba kinachoingia katika mfuko wa shati, akaniambia niwasomee maneno yenyewe, si muhtasari wa kitabu cha kiada, kwa maana muhtasari hauna mtu wa kubishana naye. Akanipa pia maswali mawili ambayo tangu siku hiyo sijawahi kuanza mada bila kuyaandika ubaoni: Nani anaamua? Na nani anaweza kumzuia? Nilipoyaandika mara ya kwanza, darasa liliamka. Watoto wanaoishi kwa visa wanayajua maswali hayo kuliko hata sisi walimu. Wengi wao walishawahi kuona baba zao wakisubiri uamuzi wa mtu.

Mista Whitlow alinifunza mengine mengi ambayo mtayakuta katika mafaili. Lakini jambo alilolisisitiza sana, nikalishika kwa mdomo tu, ni kwamba mwalimu wa somo hili asichanganye jinsi mambo yalivyoandikwa na jinsi yalivyo. Alisema kila upande ufundishwe kivyake, na mtoto aambiwe waziwazi yuko upande gani sasa. Nilimwitikia. Nilikuwa najiona nimeelewa.

Msichana aitwaye Sura aliingia darasa langu Septemba ya mwaka wa 2003. Alikuwa Mwiraki, miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa shule. Alikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka kama wa karani, na tabia ya kufunga kitabu kwanza ndipo aulize swali, kana kwamba alitaka ajibiwe yeye na si kitabu. Familia yao ilikaa mtaa wa Al Qusais. Baba yake, mhandisi Nizar, alikuwa ameajiriwa miaka tisa na kampuni ya vifaa vya ujenzi ya mzee mmoja wa hapa hapa. Mwezi wa Mei, mapigano makuu ya Iraki yalipotangazwa kuisha, mhandisi Nizar alikwenda Baghdad kupitia Jordan kumchukua mama yake mzazi. Hakurudi. Sura aliniambia wiki ya pili ya masomo kwamba baba yake amekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na wanajeshi wa Marekani, na kwamba hakuna anayejua alipopelekwa. Mama yake ndiye aliyempa habari hizo. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, akaniomba nisiwaambie wenzake.

Mwezi wa Oktoba tulifika kwenye ibara ya kwanza, sehemu ya tisa. Mnaijua: ile amri ya kale ya mahakama inayomlazimisha mtu anayemshikilia mwenzake amlete mbele ya jaji na aeleze kwa nini amemfunga. Niliwasomea maneno yenyewe kama nilivyofunzwa. Nikawaambia amri hiyo ni ya zamani kuliko Marekani yenyewe, na kwamba bila hiyo haki nyingine zote ni mapambo. Nilipenda kipindi hicho kila mwaka. Nilikuwa na ufasaha siku hiyo, na ufasaha ni hatari.

Sura akafunga kijitabu chake. "Miss, hii inamhusu baba yangu?"

Darasa zima likageuka, maana hawakuwa wanajua. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Wenye elimu ya sheria walikuwa bado wanabishania jambo hilo huko Marekani kwenyewe, kuhusu watu waliofungwa nje ya nchi. Mimi nikamtazama yule mtoto nikasema, "Inamhusu mtu yeyote."

Mista Whitlow alipata habari kabla ya chakula cha mchana. Alikuja darasani kwangu akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigusa meza. Hakunikaripia. Alisema nimemjibu mtoto jinsi inavyopaswa kuwa, na yeye alikuwa ameuliza jinsi ilivyo. Nilimwuliza yeye angejibu nini. Alifikiri, akasema angejibu vibaya pia, lakini polepole zaidi.

Jumamosi iliyofuata, siku ambayo enzi hizo ndiyo ilianza wiki ya shule, Sura alinisubiri mlangoni na karatasi. Katika kitabu chetu kulikuwa na zoezi la kumwandikia barua mbunge wako. Kila mwaka nililiruka, kwa sababu wanafunzi wangu hawakuwa na mbunge. Sura alikuwa ameliandika. Ilikuwa kurasa mbili: jina la baba, umri wake, kazi yake, gari aliloondoka nalo Amman, siku aliyoonekana mara ya mwisho. Juu, mahali pa jina la mbunge, aliacha wazi.

Nilikwenda na karatasi hiyo kwa Mista Whitlow. Aliisoma mara mbili. Alinieleza kwamba ofisi za wabunge wa kwao zina watu ambao kazi yao ni kushughulikia shida za wananchi wa jimbo lao na serikali, na kwamba mwananchi akiandika, hujibiwa. Si kwa huruma, alisema, ni kwa sababu ya kura. Katika shule nzima, yeye pekee ndiye aliyekuwa na kura na anwani ya nyumbani inayojulikana. Mimi wakati huo sikuwa na kura hata ya kwetu, maana Mkenya aliye nje hakupiga. Basi akatoa kalamu yake ya buluu, akaandika barua fupi ya kusindikiza, akatia sahihi. Ndivyo tulivyomwandikia mbunge asiye wetu.

Jibu lilifika baada ya wiki tano, kwenye karatasi nzito yenye nembo ya tai. Lilikuwa la heshima. Lilisema wameuliza panapohusika, na jina hilo halimo katika orodha ya wanaoshikiliwa.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Jibu lile lingetosha. Mimi sikulikubali. Nilimwambia Sura kwamba majina ya Kiarabu yakiandikwa kwa herufi za Kizungu yanapotea njia, Nizar, Nezar, Nazar, na kwamba karani aliyechoka anaweza kuandika lolote. Tulikaa naye saa ya chakula, tukaorodhesha namna saba za kuandika jina la baba yake na la babu yake. Barua ya pili ikaenda. Jibu likaja: hakuna hata moja katika hayo saba. Nikasema basi tuwaandikie maseneta wawili wa jimbo la Mista Whitlow, maana ndiyo sababu mabunge yakawa mawili, mlango mmoja ukifungwa ugonge mwingine. Nililigeuza kuwa somo. Darasa zima, ambalo sasa lilijua, lilisaidia kuzisahihisha barua. Watoto ambao Septemba walikuwa wakilala usingizi walibishana kuhusu kazi za kamati za Seneti. Maseneta nao wakajibu vilevile: jina halimo. Nitasema ukweli kwa sababu nimestaafu: nilikuwa nafurahia. Sikuwahi kuwa na darasa kama lile kabla wala baada.

Mama yake, ambaye wote tulimwita Um Sura, alikuja shuleni kila jibu lilipofika. Alikuwa mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa cha kijivu kichwani, haketi mpaka uketi wewe. Hakusoma Kiingereza kwa urahisi, nami nikamtafsiria kwa Kiarabu changu cha sokoni. Hakulia hata mara moja. Nilidhani ni ushupavu. Kila mara aliomba barua halisi, ile yenye nembo, na mimi nikabaki na nakala. Alizitia katika faili jekundu, akanishukuru, akaondoka.

Mwishoni mwa Aprili, mwaka wa 2004, zikatoka zile picha za wafungwa wa Iraki, kwenye televisheni na kwenye magazeti yote. Mnazikumbuka. Sina haja ya kuzieleza. Madam aliagiza magazeti yatolewe maktaba, lakini yalikuwa yameshasomwa. Kesho yake Sura alikuja na picha moja aliyoikata, ameiweka ndani ya daftari. Ilionyesha mtu aliyefunikwa kichwa. Aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba amempata baba yake. Amemjua kwa namna alivyosimama. Amemwonyesha mama yake jana, na mama yake amekubali.

Nilimpeleka kwa Mista Whitlow. Mzee aliitazama ile picha kwa muda, kisha akaitazama kalamu yake. Akaandika barua nyingine, peke yake, bila msaada wa darasa, wala hakutuonyesha alichoandika. Alipomaliza alitoka akaenda kukaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, injini haijawashwa, joto lile. Nilimwona kutoka dirishani. Sikujua kama niende au nisiende, na nikabaki.

Jibu la barua hiyo lilikuwa halijafika mitihani ilipokwisha. Sura alifanya vizuri sana. Mwishoni mwa Juni, walimu tukiwa tunafunga madarasa, akaja peke yake. Nilikuwa nabandua mabango ukutani. Alisimama karibu na meza yangu, akanieleza, bila kuzunguka, kwamba baba yake alikufa Juni ya mwaka uliopita. Bomu la kando ya barabara, siku kumi na mbili baada ya kufika. Baba yake mdogo ndiye aliyemzika, akatafuta simu ya setilaiti akampigia mama yake Sura kumpa habari. Mama alijua tangu wiki ile. Amemwambia jana.

Nilimwuliza swali la kijinga. Nilimwuliza kama ana hakika.

"Kuna kaburi, Miss. Lina jina lake. Limeandikwa sawasawa."

Alisema anakwenda Amman kwa shangazi yake, ataingia chuo huko, na hatakaa tena nyumba moja na mama yake. Nilitaka kumwomba radhi kwa zile barua, na zile namna saba za kuandika jina. Alinizuia. "Wewe ulikuwa hujui," akasema. "Yeye alijua. Akaniacha nimtafute kwenye zile picha."

Nilipomweleza Mista Whitlow, alitoa kile kifaa sikioni akakiweka mezani. Halafu akasema kwamba kumbe wale makarani walikuwa wanatuambia kweli muda wote. Alirudi kwao mwaka uliofuata. Binti yake aliniandikia baadaye kwamba mzee amefariki, saratani, na kwamba alikuwa akiwasimulia wajukuu juu ya darasa la Dubai lililojua kazi za kamati za Seneti. Sijui kama aliwasimulia yote.

Mimi niliendelea kufundisha. Nilirudi kuliruka lile zoezi la barua. Nilipofika ibara ya kwanza, sehemu ya tisa, niliisoma, nikaeleza, na mwanafunzi akiuliza inamhusu nani, nilisema: "Hivi ndivyo ilivyoandikwa. Namna inavyotumika, bado wanabishana." Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyefunga kitabu.

Januari ya mwaka wa 2008 ratiba yangu ilikuwa kwenye mada ya kukabidhiana madaraka kwa amani. Nilikuwa nikieleza jinsi rais aliyeshindwa anavyopanda gari moja na aliyemshinda kwenda kuapishwa, na kila mapumziko nikikimbilia simu, kwa maana kwetu watu walikuwa wanachomeana nyumba kwa sababu ya kura. Kaka yangu Zakayo alikuwa mwalimu mkuu karibu na Eldoret. Dada yangu aliniambia kila siku kwamba wote wazima, Zakayo yuko kanisani na wenzake, simu yake haina chaji. Aliniambia hivyo wiki saba. Kumbe Zakayo alikuwa amezikwa wiki ya kwanza. Nilipomwuliza dada kwa nini, alisema mimi nilikuwa mbali, peke yangu, na nilikuwa na kazi ya kwenda kila asubuhi. Nilimkasirikia mpaka Pasaka. Mpaka Pasaka tu. Baada ya hapo nilianza kumfikiria mtu mwingine aliyewahi kuficha msiba.

Mwaka huo huo shule ilitupangishia nyumba mtaa wa Discovery Gardens, walimu watatu katika fleti moja, na mimi nikapewa chumba chenye dirisha kwa sababu ya umri. Jioni moja, mbele ya dobi wa chini, mwanamke mwenye kitambaa cha kijivu akaniita kwa jina. Um Sura alikuwa anakaa jengo la tatu kutoka letu. Alikuwa mwalimu wa Kiarabu katika shule ya watoto wadogo. Mwanawe mdogo alikuwa ameshaingia chuo Sharjah. Alinikaribisha chai siku ya Ijumaa, nami nikaenda, nimebeba keki ambayo hakuna aliyeigusa.

Chai yao ni nyeusi, huletwa katika vigilasi vidogo vyenye kiuno. Tuliinywa. Kisha akaingia ndani akarudi na lile faili jekundu, akaniwekea magotini. Barua zote zilikuwamo, zile halisi, zimechakaa kwenye mikunjo. Nilimwambia nilidhani amezichoma. Akanieleza, kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe.

Ukaazi wao wote ulikuwa juu ya jina la mumewe. Mume akifa, visa ya mke na ya watoto inakufa naye, na wangepaswa kutoka nchini, kwenda Baghdad, mwaka ule. Mtu akikaa nje zaidi ya miezi sita ni vivyo hivyo. Lakini mtu aliyekamatwa hajafa, wala hajakaa nje kwa kupenda. Kwa hiyo alimwambia arbab wa mumewe, yule mzee mwenye kampuni aliyemdhamini, kwamba mhandisi Nizar amekamatwa. Na ili watoto wasije wakateleza ulimi shuleni au kwa majirani, akawaambia na wao hivyo hivyo. Kila barua ilipofika na nembo ya tai, alimpelekea yule mzee, naye akaenda nayo ofisi ya uhamiaji kuwaombea muda, anaonyesha kwamba hata Bunge la Marekani linamtafuta huyu mtu. Hakuna aliyesoma chini ya nembo. Muda ulitolewa mara tatu. Katika muda huo Sura alimaliza shule, na yeye mama akapata kazi ya ualimu iliyompa visa yake mwenyewe, juu ya jina lake mwenyewe. Siku aliyogongewa mhuri ndiyo siku aliyomwambia Sura.

Nilimwuliza kama yule mzee alidanganyika. "Nadhani alijua," akasema. "Hakuwahi kuniuliza swali ambalo ningelazimika kulijibu."

Nilikaa na faili magotini. Miaka minne nilikuwa nimebeba barua zile kama dhambi ya upumbavu, kumbe zilikuwa zimefanya kazi, si ile tuliyoziandikia. Halikuwa jambo la kufurahia. Nilimwuliza kuhusu Sura. Alisema yuko Amman, mfamasia, ameolewa. Huzungumza na mdogo wake. Yeye mama alipelekewa picha za harusi.

Kisha akaniuliza yeye. Aliuliza kama mtu aliyekuwa ameliweka swali hilo kwa ajili ya mwalimu.

"Ningemwambia siku gani? Wewe ulikuwa naye kila siku. Niambie siku."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Juni ile. Nikamwambia: siku ya picha. Hata kama visa ilikuwa haijapatikana, siku ile ilimpasa kusema.

Hakukasirika. Alirekebisha kitambaa chake. Akasema siku ile alitaka kusema. Alimkuta mtoto mezani na gazeti, anazitazama picha moja moja, akaona haiwezekani, hili haliwezekani, akavuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa ameshaita jina lake. Ndipo Sura akaweka kidole juu ya picha moja akasema, "Huyu hapa Baba. Yu hai." Na uso wake, Um Sura alisema, ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Basi akaitazama ile picha akasema ndiyo, ni yeye.

Nilimwomba ruhusa ya kumwandikia Sura. Alisema niandike nitakalo, halitabadilisha kitu. Nilimwandikia barua pepe kutoka maktaba ya shule, nikamweleza visa, arbab, faili, na kile kiti kilichovutwa. Sikumshauri kitu. Nilikuwa nimeshamshauri vya kutosha.

Alijibu baada ya siku nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliandika mistari michache kwa Kiingereza, na ninaitafsiri kama ilivyo: *Miss, nilijua siyo yeye. Baba hakusimama vile hata siku moja. Mama alivuta kiti akaketi, akaniita jina, nikaona usoni mwake kwamba kuna kitu anataka kusema, nikaogopa asije akakisema. Nikaweka kidole kwenye picha ya kwanza iliyokuwa karibu. Miaka yote hii nimemkasirikia kwa kukubali. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo.*

Niliichapa kwenye karatasi. Ijumaa nilikwenda jengo la tatu, nikamsomea Um Sura kwa Kiarabu, kisha akaichukua akaisoma mwenyewe kwa Kiingereza, kidole kikifuata mstari, neno kwa neno, kama wanafunzi wake wa chekechea. Alirudia mara ya pili. Nje watoto walikuwa wanaendesha baiskeli kati ya majengo. Aliikunja karatasi mara nne akaishika kiganjani.

Akaniuliza Amman sasa ni saa ngapi.

Nikamwambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka, nikamfungia mlango taratibu nyuma yangu.